Vuli imeingia, mikono ya wana wetu inafanya nini?

Kila mwaka, kati ya Oktoba na Novemba, mambo mawili hutukia kwa pamoja humu nchini. Mvua za vuli hubisha hodi, na shule hufunga milango kwa likizo iliyo ndefu kuliko nyingine zote za mwaka. Wakulima hushika majembe, wanafunzi huweka kalamu chini, na watoto hurejea mikononi mwa wazazi na wazee wao kwa majuma mengi mfululizo. Swali ambalo ningependa tulitafakari pamoja, walimu kwa wanafunzi, ni hili: mikono ya watoto hao hufanya nini majuma hayo yote?

Huko Ulaya na Marekani ya Kaskazini, miezi hii ndiyo majira ya kupukutika majani. Miti hugeuka rangi ikawa ya manjano na nyekundu, baridi huanza kuuma, na familia hujikunyata majumbani. Watoto wa huko huokota majani yaliyoanguka wakayabandika kwenye karatasi, huchonga maboga, na mama zao hufuma sweta kwa sufu. Ni desturi njema, nasi hatuna ugomvi nayo. Lakini vitabu vya picha vinavyotoka huko huwafikia pia watoto wetu, na si ajabu kumwona mtoto wa Nairobi au Mombasa akipaka rangi jani jekundu la mti asioujua, kwa majira ambayo hayapo katika nchi aliyozaliwa. Lugha yenyewe hukataa. Mfasiri hana neno moja la kuyaita majira hayo, ila hulazimika kueleza kwa kirefu kwamba ni wakati wa majani kupukutika. Ilhali mtoto huyo ana majira yake yaliyo na jina fupi na tamu, vuli, na majira hayo yana kazi zake za mikono.

Tuanzie Pwani. Mwanamke asukaye mikeka hujua kwamba jua ni rafiki wa kazi yake kabla ya mvua, na unyevu ni rafiki wa kazi hiyo hiyo baada ya mvua kuanza. Miyaa ya mkoma na majani ya mkindu hukatwa yakaanikwa juani hadi yakakauka na kuwa meupe. Kisha huchanwa vipande vyembamba. Vile vinavyotakiwa kuwa na rangi huchemshwa chunguni pamoja na rangi, na vingine huachwa na weupe wake. Mvua ikishaanza kunyesha, kuanika hakufai tena, lakini kusuka kunafaa sana, maana jani kavu likisukwa bila unyevu huvunjika. Basi mama huketi ndani au barazani, mvua ikipiga makuti, naye husuka ukili. Ukili ni ule ukanda mrefu, mwembamba, unaosukwa kwa vidole peke yake pasipo chombo chochote. Ukishapatikana wa kutosha hushonwa ubavu kwa ubavu, ukawa mkeka wa kulalia, msala wa kuswalia, kawa la kufunikia chakula, au kikapu cha kwendea sokoni.

Katika nyumba ya namna hiyo, mtoto hakuambiwa, "Njoo nikufundishe." Alikaa tu karibu. Leo alitumwa kuleta miyaa, kesho alipewa kuchana, kesho kutwa alipewa mwanzo wa ukili uliokwisha kuanzwa na mkubwa ili auendeleze. Akikosea, nyanya aliufumua akamrudishia. Hapakuwa na kengele wala alama, lakini somo lilikuwapo. Na wakati vidole vikifanya kazi, midomo nayo haikulala. Hadithi, vitendawili, habari za ukoo, na mawaidha ya kuishi na watu vilipita palepale.

Twende sasa bara, Ukambani. Huko mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo tegemeo kubwa la mkulima, kwani aghalabu huaminika kuliko zile za Machi hadi Mei. Mwanamke hushinda shambani, lakini mikono yake haimwachi. Hata akiwa njiani kuelekea sokoni au kisimani, utamwona akisuka kiondo huku akitembea. Hapo zamani nyuzi zake zilitoka katika gamba la mbuyu na miti mingine, zikasokotwa pajani kwa kiganja cha mkono. Baadaye ukaja mkonge. Na hapa pana jambo la kuwapa wanafunzi wafikirie. Mkonge si mmea wetu wa asili. Uliletwa Tanganyika mwaka wa 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukitokea Florida, na baadaye ukaenea hadi Kenya. Wazungu walitaka katani kwa ajili ya kamba za meli na magunia. Mama wa Ukambani aliutazama, akauona unafaa, akauingiza katika kiondo chake. Kwa hivyo wale wasemao kwamba kazi za jadi ni kung'ang'ania mambo yaliyopitwa na wakati wanakosea. Jadi iliyo hai hupokea kipya ikakifanya chake.

Mifano haiishi. Kandokando ya Ziwa Viktoria watu husuka mikeka ya mafunjo. Wanawake wa jamii za wafugaji huko Garissa na Wajir husuka mikeka ya kufunikia nyumba zao, nyumba ambazo hufunguliwa na kupakiwa juu ya ngamia jamaa inapohama. Huko Turkana wanawake husuka vikapu kwa majani ya mkoma, mti ule ule unaomea Pwani. Baina ya Lodwar na Kwale pana masafa makubwa na lugha mbalimbali, lakini jani ni moja na vidole ni vilevile.

Wala isidhaniwe kwamba kazi hizi ni za wanawake tu. Huko Lamu, mwanamume aketiye barazani akidarizi kofia kwa sindano na uzi si jambo la kushangaza. Malema ya kuvulia samaki husukwa na wavuvi wenyewe. Na wavulana wetu wa kila pembe ya nchi wamekuwa mafundi tangu utotoni: magari ya waya yenye usukani mrefu, mipira ya matambara iliyofungwa kamba, tiara za karatasi. Dada zao nao waliwavika magunzi ya mahindi vipande vya kanga wakapata wanasesere. Vyote hivyo havikununuliwa dukani.

Basi yako wapi mambo hayo leo? Ili kulijibu swali hili sharti tutazame shule, kwa kuwa shule ndiyo inayomiliki sehemu kubwa ya siku za mtoto.

Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985, shabaha yake mojawapo ilikuwa kumpa mwanafunzi stadi za kujitegemea. Sanaa na ufundi vikatahiniwa katika mtihani wa KCPE. Wengi waliosoma enzi hizo wanakumbuka kufinyanga vyungu, kusuka kamba na kuchonga miiko. Nia ilikuwa nzuri, lakini vifaa vilikuwa haba na masomo yalikuwa mengi mno. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya kutahiniwa yakapunguzwa, na ufundi ukaachwa nje ya mtihani. Nasi sote twajua yanayolipata somo lisilotahiniwa katika shule zetu. Kipindi chake hubaki kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, lakini darasani hufundishwa hisabati.

Kisha mwaka wa 2019 Mtaala wa Umilisi ukaanza kutekelezwa kote nchini. Mtihani wa mwisho wa KCPE ukafanywa mwaka wa 2023. Mtaala huu umerejesha sanaa na kazi za mikono, na unamtaka mzazi ashiriki katika masomo ya mwanawe. Kwa maneno mengine, shule imekumbuka kwamba nyumbani nako kuna elimu. Hilo ni jambo la kupongezwa, tena kwa dhati.

Hata hivyo, kutenda si sawa na kunena. Mara ngapi mtoto amefika nyumbani jioni akasema kwamba kesho asubuhi anatakiwa kupeleka kikapu, mwanasesere au picha iliyotengenezwa kwa vifaa vya mazingira? Mzazi aliyetoka kazini saa moja usiku hana miyaa, hana wakati, na pengine hana maarifa. Afanye nini? Akiwa na pesa, hununua kitu kilichokwisha kutengenezwa. Akiwa na kipaji, hukaa hadi usiku wa manane akitengeneza mwenyewe huku mtoto amelala. Akiwa hana pesa wala kipaji, mtoto huenda mikono mitupu akaaibika mbele ya wenzake. Asubuhi mwalimu hupokea vikapu thelathini, akapiga picha, akatia alama. Je, ni nani aliyepimwa hapo? Si mtoto. Aliyepimwa ni mfuko wa mzazi.

Simlaumu mwalimu peke yake. Darasa lake lina watoto wengi, na wakuu wake wanataka ushahidi wa kazi. Lakini kosa la msingi lazima tulitaje. Tumedhani kwamba kikapu ndicho elimu. Kikapu si elimu. Elimu ni ule mwendo wote wa kutoka kwenye jani hadi kwenye kikapu, na mwendo huo hauwezi kwenda kwa usiku mmoja. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Nasi tunataka vyombo vielee bila ya kuwaonyesha watoto vinavyoundwa.

Kuna wasomaji watakaopinga. Watasema, dunia ya leo ni ya tarakilishi, kwa nini tumrudishe mtoto kwenye ukili? Je, atakula mkeka? Hoja hii ina uzito, na haifai kupuuzwa. Mzazi anayejinyima ili mwanawe asome hataki kusikia kwamba mtoto huyo amepelekwa kusuka vikapu. Lakini natuitazame kazi yenyewe kwa makini kabla ya kuhukumu.

Chukua mkeka wenye urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.2. Mwambie mwanafunzi kwamba ukili una upana wa sentimita 5, kisha muulize unahitajika ukili wa urefu gani. Eneo la mkeka ni mita mraba 2.4. Akigawanya kwa 0.05 atapata mita 48, bila kuhesabu kiasi kidogo kinachopotea katika mshono. Chukua na kawa la mviringo lenye nusu kipenyo cha sentimita 30, lililoshonwa kwa ukili wa sentimita 3. Hapo atahitaji zaidi kidogo ya mita 9. Nyanya asiyejua kuandika jina lake huijua hesabu hiyo, na ukili wake haupungui wala hauzidi sana. Msusi wa kiondo naye huanzia kitako kwa nyuzi chache, akazidi kuziongeza kadiri duara linavyopanuka, kisha akaacha kuongeza pale anapotaka ukuta wa kiondo usimame wima. Michoro yake hujirudia kwa mpango, na akikosea uzi mmoja, kosa huonekana mzunguko mzima. Anayesema hayo hayahusiani na hisabati hajapata kuyajaribu. Mtoto aliyezoea kufuata hatua kwa taratibu, kulitambua kosa mapema na kulifumua bila kukata tamaa, huyo ndiye atakayeiweza hata hiyo tarakilishi.

Isitoshe, kuna suala la lugha, ambalo sisi wapenzi wa Kiswahili hatuwezi kulifumbia macho. Wanafunzi wetu hukariri methali na msamiati ili wapate alama za insha. Lakini muulize mwanafunzi tofauti ya mkeka na jamvi, au ya pakacha na kikapu. Muulize kifumbu hutumiwa kufanya nini, au kumbi na usumba hutokana na nini. Wengi watababaika. Hayo si maneno magumu. Ni maneno ya jikoni na uani. Yamekuwa magumu kwa sababu vitu vyenyewe vimetoweka machoni pa mtoto, na neno lisilo na kitu halikai kichwani. Mwalimu wa Kiswahili anayemwalika msusi mmoja darasani kwa saa moja atafundisha msamiati mwingi kuliko kurasa kumi za kamusi.

Tukiacha shule tukageukia soko, hapo nako pana somo chungu. Katika miaka ya 1970 na 1980 vyondo vya Kenya vilipendwa sana Ulaya na Marekani. Haukupita muda mrefu kabla ya kutokea vikapu vya kuiga, vilivyotengenezwa kwa mashine barani Asia, vikauzwa kwa bei ya chini, na bei ya vyondo vya kina mama wetu ikaporomoka. Kenya imepitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni mwaka wa 2016. Sheria hiyo ni ngao, lakini ngao haimlindi aliyelala. Maarifa yasiyorithishwa kwa watoto hayahitaji mwizi wa kuyaiba, kwani hufa yenyewe.

Na bahati nayo ilitubishia mlango. Tarehe 28 Agosti 2017, serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na anayevunja sheria hiyo akakabiliwa na faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Ghafla kila mtu alihitaji kikapu. Hiyo ilikuwa nafasi ya ukili na katani. Lakini masoko yetu yalijaa mifuko iliyoshonwa kwa kitambaa cha viwandani, mingine ikitoka ng'ambo, kwa kuwa mikono ya kusuka vikapu vya kutosha haikuwapo, na vile vilivyokuwapo vilikuwa ghali kwa mwananchi wa kawaida. Ghali, nasema, ingawa msusi mwenyewe mara nyingi hupata kidogo, na faida kubwa humwendea yule anayenunua kwake kijijini na kuuza mjini. Mfinyanzi, walisema wazee, hulia gaeni.

Hapa ningependa kutoa tahadhari. Kumfundisha mtoto kazi ya mikono si kumgeuza kibarua. Likizo isiwe kisingizio cha kumketisha msichana kutwa nzima akisuka vya kuuzwa huku kaka yake akicheza kandanda. Mafunzo na yawe ya wote wawili, kwa muda wa kiasi, na mtoto apate nafasi ya kusoma, kucheza na kulala. Wala tusiwapambe wazee wetu kwa sifa tupu. Maisha ya kusuka usiku kwa mwanga wa kibatari ili mtoto apate karo hayakuwa maisha ya starehe. Waliyavumilia kwa sababu ya shida. Tunachotaka kurithi ni ujuzi wao. Dhiki yao hatuitaki.

Basi tufanye nini? Kwa walimu nina mapendekezo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji pesa. Kwanza, kazi ya mikono ipewe likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, isipewe usiku mmoja. Mtoto aambiwe mapema kwamba ana majuma kadhaa ya kujifunza kitu kimoja tu kutoka kwa mtu mzima wa nyumbani au wa mtaani. Pili, kitu hicho kitokane na kinachopatikana pale alipo: miyaa kwa wa Kwale, katani kwa wa Kitui, mafunjo kwa wa Kisumu, na kwa yule wa mtaa wa Nairobi, vitambaa chakavu na waya. Mshona viatu wa kona ya barabara naye ni mwalimu. Tatu, na hili ndilo kubwa, shule zikifunguliwa Januari, mwanafunzi asitiwe alama kwa uzuri wa kitu alicholeta. Asimame mbele ya wenzake aeleze: ni nani aliyemfundisha, alianzia wapi, alikosea wapi, kila kifaa kinaitwaje, na vidole vyake vilikwenda vipi. Aliyenunua hataweza kueleza. Aliyejifunza, hata kama mkeka wake umepinda, ataeleza hadi kengele ilie.

Kwa wanafunzi nina neno moja. Nyanya yako huenda hajui kutumia simu uliyo nayo, na huenda unamwona kama mtu wa zamani. Mwendee na heshima zako, umwamkie, kisha umwombe akuonyeshe. Usimpe simu akupigie picha ukijifanya unasuka. Kaa chini, uchukue mwanzo wa ukili, ukosee, akufumulie, uanze tena. Utagundua kwamba kati ya fundo moja na jingine atakuambia mambo ambayo hujapata kuyasikia: jinsi babu yako alivyokuwa, njaa ya mwaka fulani waliivuka vipi, jina lako lilitoka kwa nani. Hayo hayamo katika kitabu chochote, na hayatahiniwi popote.

Kwa wazazi, natambua uchovu wenu. Si kila nyumba ina nyanya, na si kila baba anajua kusokota kamba. Lakini kila nyumba ina kitu kinachoweza kufanywa kwa mkono badala ya kununuliwa: kitasa cha kurekebisha, nguo ya kutia kiraka, kiti cha kupigiliwa msumari. Mwite mtoto ashike upande mmoja. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Vuli haikai. Ifikapo Desemba kaskazi huwa imeanza kuvuma, mvua hukatika, na baada ya siku chache kengele ya shule hulia tena. Mwaka ujao vuli itarudi kama ilivyo ada yake. Wazee wanaojua kuanza ukili, hao hawana ahadi ya kurudi nayo.